Corolla ya Japani na Corolla ya Maskati: jina moja, mwaka mmoja, mbona magoti hayatoshi?

Mwalimu wa Kisauni aliuliza:

Ndugu wanajamvi, assalaam alaykum. Nina jambo linalonisumbua, nami naomba msaada wa wenye ujuzi wa magari kabla sijatoa fedha yangu ya miaka kadhaa ya kujibana.

Miezi michache iliyopita nilikwenda Maskati kwa harusi ya mpwa wangu, na kwa siku nne tulizungushwa katika Corolla ya shemeji yangu ya mwaka 2020. Mimi ni mtu mrefu, na muda wote nilikaa kiti cha nyuma pamoja na wazee wawili, wala sikuona dhiki yoyote. Niliporudi Mombasa nilikuwa nimekwisha amua kwamba hilo ndilo gari la familia yangu. Nikaenda yadi moja hapa mjini, nikaonyeshwa Corolla sedani ya mwaka huohuo iliyotoka Japani, nikaingia nyuma, na magoti yangu yakagusa kiti cha mbele. Nikadhani kiti kimesukumwa nyuma kupita kiasi, nikakirekebisha, lakini hali ikabaki ileile. Muuzaji alishikilia kwamba ni gari lilelile moja, na kwamba mimi nimedekezwa tu huko Uarabuni.

Ninachotaka kujua ni kama kweli haya ni magari mawili, na ikiwa ndivyo, kwa nini kampuni moja ijisumbue kuunda gari moja mara mbili na kulipa jina moja. Pia naambiwa kwamba spea nyingi za hapa hupitia Dubai, sasa je, zitaingia katika gari la Japani? Na mwisho, shemeji yangu yuko tayari kuniuzia lile lake kwa bei ya kindugu, nami nashawishika kulileta.

Mhandisi Mstaafu, Tanga:

Mwalimu, wa alaykum salaam. Magoti yako hayakukudanganya, na muuzaji wako ama hajui au ameona ni heri usijue. Hayo ni magari mawili yenye uti wa mgongo wa aina moja, lakini yana viwiliwili tofauti.

Corolla sedani iliyoanza kuuzwa Japani Septemba 2019 ina urefu wa milimita 4,495 na upana wa milimita 1,745. Ile iliyosambazwa katika masoko mengine, yakiwemo ya Ghuba, ina urefu unaokaribia milimita 4,630 na upana wa 1,780. Hata hivyo, kipimo kinachokuhusu wewe hasa ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, yaani kati ya ekseli: la Japani lina milimita 2,640, la nje lina 2,700. Sentimita hizo sita ni upana wa vidole vitatu vya mtu mzima, na ndizo zilizokosekana kati ya goti lako na kiti cha mbele.

Sababu yake ni ya miaka mingi. Sheria za Japani hugawa magari kwa vipimo, na mgawanyo huo huonekana katika namba ya usajili: gari dogo hupewa namba ya kundi la 5, na kubwa hupewa ya kundi la 3. Ili gari libaki kundi la 5 ni lazima lisizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya petroli ya lita 2. Kabla ya mwaka 1989, aliyevuka mpaka huo hata kwa kipimo kimoja alitozwa kodi ya mwaka kubwa mno. Mwaka huo kodi ikabadilishwa ifuate ukubwa wa injini, na watengenezaji wengi wakaanza kupanua magari yao. Lakini serikali inaweza kubadili kodi kwa siku moja, ilhali vichochoro na maegesho ya Tokyo na Osaka haviwezi kubadilishwa hivyo. Mjapani wa mjini, kabla ya kusajili gari, hutakiwa kuonyesha cheti cha polisi kwamba ana mahali pa kuliegesha, na mara nyingi mahali penyewe ni mnara wa chuma unaopandisha magari kwa mashine, wenye kibao kinachotaja upana wa mwisho unaoruhusiwa. Gari likizidi kipimo hicho, haliingii.

Ndiyo maana Oktoba 2006, Corolla ilipobadilishwa umbo, ile ya Japani ilipewa jina la ziada la Axio na ikabaki na upana wa milimita 1,695, yaani milimita tano tu chini ya mpaka, wakati ya nje ilipanuliwa hadi 1,760. Mwaka 2012 zikaachana kabisa. Axio mpya ilijengwa juu ya sakafu ya ukoo wa Vitz, gari dogo la Toyota, ikiwa na urefu wa mita 4.36 tu na milimita 2,600 kati ya ekseli, ilhali Corolla ya kimataifa iliyofuata mwaka 2013 ilikwisha fika 2,700. Kwa hiyo hizo Axio zilizojaa Mombasa na Nairobi, ambazo watu wengi huziita Corolla bila kusita, ni kwa ujenzi wake jamaa wa Vitz zaidi kuliko Corolla ya Maskati ya miaka hiyohiyo. Silisemi hilo kwa dharau, kwani Axio ni gari jema lenye kula mafuta kidogo.

Mwaka 2019 Toyota walirudisha magari yote mawili katika muundo mmoja wa msingi, na sedani ya Japani ikavuka mpaka wa mita 1.7 kwa mara ya kwanza. Lakini hawakuthubutu kuwapa Wajapani mwili mzima wa kimataifa. Upana wa 1,745 ulichaguliwa kwa sababu ndio wa Prius ya kizazi cha tatu, gari ambalo Wajapani walikuwa wamelizoea katika maegesho yao, na milango na vioo vya pembeni vilichorwa upya ili mtu aweze kushuka mahali pembamba. Umbali wa ekseli wa 2,640 waliuchukua kutoka Corolla Sport, ile isiyo na buti la kuchomoza. Nami nakiri kwamba kama mhandisi naiona kazi hiyo ya kupunguza kuwa ngumu na ya heshima zaidi kuliko ile ya kuongeza, kwa sababu kurefusha gari kila mtu anaweza.

Na kurefusha kwenyewe kuna soko lake. Nchini China mwaka 2021 ilitoka sedani iitwayo Allion iliyojengwa juu ya Corolla hiihii, ikiwa na milimita 2,750 kati ya ekseli, kwa sababu mnunuzi wa huko hutazama kiti cha nyuma kwanza: ndiko wanakokaa wazazi, wageni na wakubwa wa kazi. Kampuni za Ujerumani nazo huuza huko sedani zao zikiwa zimerefushwa kwa sababu hiyohiyo. Honda ndiyo iliyofika mbali kuliko wote, kwani mwishoni mwa miaka ya 1990 jina la Accord lilikuwa juu ya miili mitatu tofauti, mmoja wa Japani, mmoja wa Marekani na mmoja wa Ulaya. Accord ya Japani iliyofuata mwaka 2002 iliuzwa Marekani kwa jina la Acura TSX, huku Accord ya Marekani ikirudi Japani kwa jina la Inspire. Mtu akikwambia «nina Accord ya 2004», bado hajakwambia gari gani analo.

Bint Salim, Maskati:

Mwalimu, pole na karibu tena Oman. Alivyoeleza Mzee wa Tanga kuhusu vipimo ni sawa kabisa, lakini napenda kuongeza kwamba tofauti haziishii kwenye urefu na upana. Huku mtu anapouza gari, swali la kwanza analoulizwa, hata kabla ya kilomita, ni kama ni *khaliji* au *warid*. Khaliji ni gari lililoundwa kwa ajili ya nchi za Ghuba, na warid ni lile lililoletwa kutoka soko jingine, mara nyingi Marekani. Khaliji huwa na bei nzuri zaidi hata likiwa na umri uleule, kwa sababu linatarajiwa kuwa na kiyoyozi chenye nguvu zaidi, rejeta inayohimili joto, na udhamini wa wakala wa hapa. Mwezi wa Juni, joto linapovuka nyuzi 45 na umekwama kwenye foleni, utaielewa thamani ya neno hilo.

Mjomba wangu aliwahi kununua sedani warid kwa sababu ya bei, na majira ya kwanza ya joto tu alikuwa akiendesha huku amefungua madirisha. Sitaki kusema gari lilikuwa baya, kwani pengine katika mji wa baridi lingekuwa zuri sana. Lilikuwa mahali pasipokuwa pake.

Kuhusu kulileta hilo la shemeji yako, tafadhali kumbuka kwamba usukani wake uko kushoto.

Fundi wa Ilala:

Namuunga mkono dada hapo juu, na nimalizie neno alilolianza. Mwalimu, sheria ya Kenya hairuhusu kusajili gari la kawaida la binafsi lenye usukani wa kushoto, kwa hiyo bei ya kindugu ya shemeji itabaki kuwa ya kindugu hukohuko Maskati. Hata hilo la yadi, hakikisha tarehe ya usajili wake wa kwanza iko ndani ya kikomo cha miaka minane. Sisi huku Tanzania kikomo cha namna hiyo hatuna, ila gari likizeeka tunatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu.

Sasa nije kwenye spea, ambako ndiko watu wengi wanapoteza fedha. Gari la Japani halina ile namba ya herufi na tarakimu 17 inayotumika sehemu nyingi duniani. Lina namba fupi ya chesisi inayoanza na msimbo wa modeli, kistari, halafu tarakimu. Corolla sedani ya Japani yenye injini ya petroli ya lita 1.8 huanza na ZRE212, na ile ya haibridi, yaani ya petroli na umeme pamoja, isiyosukumwa na magurudumu yote manne, huanza na ZWE211. Axio ya lita 1.5 utaiona kama NZE161, na haibridi yake ni NKE165. Muuzaji wa Dubai anapokuuliza namba ya gari anatarajia ile ya 17, ukimpa ya Kijapani anakisia, na kukisia kwake unalipia wewe. Tena msiridhike na zile herufi za mwanzo pekee, kwa sababu ZWE211 ipo pia kwenye Corolla za Ulaya ambazo mwili wake si huu. Mpe muuzaji namba nzima, naye aiangalie katika katalogi ya soko la Japani.

Kwa uzoefu wangu wa gereji, vitu vya injini kama plagi, filta na mikanda havina shida kubwa injini ikiwa ni ileile. Lakini chochote kinachoguswa na umbo la nje, yaani mlango, bampa, fenda, boneti au kioo cha nyuma, usikinunue kabla hujathibitisha. Niliwahi kuletewa mlango wa nyuma uliotoka Ghuba, umepakiwa vizuri, rangi yenyewe inafanana, na mteja amekwisha ulipia. Ukikosa sentimita moja mlango haufungi, na huo ulikosa zaidi ya hapo.

Jambo la hatari kuliko yote ni taa za mbele. Taa iliyoundwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia, kama Oman, ukiwasha mwanga hafifu inainua mwanga upande wa kulia, ili imulike ukingo wa barabara ya huko. Ukiifunga kwenye gari la Kenya au Tanzania, ambako tunaendesha kushoto, mwanga huo uliopanda unaelekea moja kwa moja machoni mwa anayekuja mbele yako. Inaweza kuingia kwenye tundu lake vizuri, ikakaza na boliti zake zote, na bado ikawa taa isiyofaa. Nimeziona nyingi usiku katika barabara ya Chalinze, na wenye magari hawajui wanawafanyia wenzao nini.

Msomaji wa Ohio:

Nawasalimu nyote. Mimi naishi Marekani na nina Corolla ya 2020, kwa hiyo niseme jinsi jina hilo lilivyo huku. Sedani ya hapa ya mwaka huo ilipatikana kwa injini ya lita 1.8 au lita 2.0, wakati sedani ya Japani ya mwaka 2019 ilianza na ya lita 1.8, haibridi ya lita 1.8, na turbo ndogo ya lita 1.2 kwa anayetaka gia za mkono. Taa za kuonyesha unakokata kona huwa nyekundu kwa nyuma katika magari mengi ya hapa, jambo linaloruhusiwa na sheria ya Marekani lakini lisilokubalika Ulaya, ambako ni lazima ziwe za rangi ya chungwa. Kioo cha pembeni cha upande wa dereva ni bapa kwa amri ya sheria, na cha abiria kimebinuka, kikiwa na maandishi yanayoonya kwamba vitu vilivyomo viko karibu kuliko vinavyoonekana. Lakini Bint Salim, maandishi hayo pekee hayatoshi kuthibitisha kwamba gari la mtu huko Ghuba ni warid.

Lakini kinachonichekesha ni kwamba huku Corolla haihesabiwi kuwa gari la familia. Watu huiona kuwa ya mwanafunzi au ya mtu anayeanza kazi, na sedani ya familia kwao ni Camry. Camry nayo ina kisa chake: Toyota waliacha kuiuza Japani mwishoni mwa mwaka 2023, wakati uleule walipotangaza umbo jipya ambalo hapa Marekani huuzwa kwa haibridi pekee, ilhali China bado kuna yenye injini ya petroli tupu. Hapo gari lililozaliwa Japani likakosa duka nyumbani kwao. Naona wakubwa wa kampuni hawakuwa na huzuni yoyote, kwa kuwa wateja wa sedani kubwa kule wamekwisha hamia kwenye magari ya kimo.

Mhandisi Mstaafu, Tanga:

Nimefurahishwa na maelezo ya taa, kwa kuwa nilikuwa nimeyasahau. Niongeze onyo moja kwa Mwalimu na kwa wanaopenda kusoma tathmini za magari mtandaoni. Tathmini za Afrika Kusini huzitumainia kwa sababu wenzetu hao nao huendesha kushoto, lakini huko kulikuwa na Corolla Quest, ambayo tangu mwaka 2020 ilikuwa ni lile umbo la kizazi kilichotangulia likiendelea kuundwa katika kiwanda cha Prospecton, Durban, na kuuzwa kwa bei nafuu kando ya Corolla mpya. Pakistani nayo iliendelea kuunda umbo hilo la zamani. Hivyo unaweza kusoma sifa za «Corolla ya 2021» kurasa nzima, na kumbe gari linalosifiwa halihusiani hata kidogo na lililoko yadini kwenu.

Mwalimu wa Kisauni:

Nawashukuru sana. Leo mchana nilirudi yadini na utepe wa kupimia, na nikasoma namba ya chesisi: ni ZWE211, na upana wake ni 1,745 kama alivyosema Mzee wa Tanga. Muuzaji alinitazama kama mkaguzi wa kodi. Nilipomwambia kwamba la Maskati lina 1,780 alinyamaza kidogo, kisha akapunguza bei bila mimi kuomba, jambo ambalo sikulitarajia.

Nimepiga hesabu kwamba watoto wangu wakubwa ndio watakaokaa nyuma, nao ni wafupi kuliko mimi, na kwamba mitaa ya Mji wa Kale, ambako mama mkwe anaishi, inafanana zaidi na vichochoro vya Osaka kuliko na barabara za Maskati. Kwa hiyo naelekea kulichukua. Yamebaki mawili. Gari liko chini mno na matuta ya njia yetu ni makali, nami nimeshauriwa niliinue kwa spesa, vile vipande vinavyofungwa kwenye springi. Pili, redio inashika vituo viwili au vitatu tu, na kila ninapowasha gari sauti ya kike inanisemesha Kijapani.

Fundi wa Ilala:

Mwalimu, kuhusu spesa nenda taratibu. Ukiinua sana unabadilisha pembe za mihimili ya magurudumu na unakula zile buti za mpira zinazofunika maungio yake, na tairi pia, kabla ya wakati. Weka nyembamba, halafu upime alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, siku hiyohiyo, usingoje wiki. Tairi zenye ubavu mnene kidogo, kwa kipimo kisichogusa matao, husaidia pia.

Redio ya Japani huanzia masafa ya 76 na kuishia 90 au 95, na stesheni zetu zinaenda hadi 108, ndiyo maana unapata hizo chache za chini. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena kinachoyashusha masafa, ila skrini itakuonyesha namba isiyo ya kweli na utaizoea. Huyo mama wa Kijapani anakukumbusha tu kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kulipia za kwao. Mashine yake mara nyingi huwa chini ya dashibodi, upande wa dereva. Ukichomoa waya wake, atanyamaza.

Bint Salim, Maskati:

Msimchomoe kabla wazee hawajamsikia. Shangazi yangu alipotembelea Mombasa alimwitikia salamu safari nzima.